Funga, Fungua

Mwaka 2010 nilikuwa karani wa kompyuta katika steshenari moja ya Katoro. Wakati huo Katoro ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulizaliwa miaka miwili baadaye. Duka lilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, jenereta iliyofungwa kwa mnyororo nyuma ya ukuta, na benchi la nje ambalo halikuwahi kukaa bila watu. Wateja wetu wakubwa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na walikuja kuandikisha mgao.

Asiyeijua kazi hiyo huenda akadhani dhahabu hugawanywa ikiwa dhahabu. Sivyo. Kinachogawanywa kwanza ni mawe, tena kwenye viroba. Duara likitoa viroba kadhaa kwa siku, kuna fungu la mwenye eneo, fungu la mwenye duara aliyelipia matimba, chakula na mafuta ya pampu, na fungu la vijana walioshuka shimoni. Kila mtu huenda karasha na mawe yake, na bahati yake imo humo. Kiroba kimoja kikikosewa katika kuandika, kuna mtu amenyang'anywa jasho lake bila kuguswa.

Tulikuwa na programu ndogo ya kuandikia hesabu hizo, iliyotengenezwa na kijana mmoja wa Mwanza. Ilifanya kazi vizuri, ila menyu zake zilikuwa kama nyumba ya vyumba vingi. Ili uandike mgao mmoja ulibofya menyu ya kwanza, ukasubiri menyu ndogo ichomoze pembeni, ukaingia humo, ukasubiri nyingine ichomoze, ndipo ukafika ulikokuwa unakwenda. Kisha ukahifadhi, ukafunga, ukaanza upya kwa mgao unaofuata. Kipanya chetu kilikuwa cha zamani, chenye mpira tumboni, na vumbi la Katoro lilikuwa limekaa ndani yake. Ukitoka kwenye menyu kubwa kuelekea menyu ndogo, mshale uliyumba, ukagusa mstari wa chini, na menyu uliyokuwa unaiendea ikajifunga mbele ya macho yako. Mara arobaini, mara hamsini kwa siku.

Nikaamua kutafuta njia ya kuzifanya menyu zile zijifungue zenyewe. Makala haya ni historia ya uamuzi ule, na ya watu waliowahi kufikiri juu ya jambo hilohilo kabla yangu bila mimi kuwajua.

*

Menyu ya kompyuta ina umri mdogo kuliko wazazi wetu. Mashine za mwanzo hazikukupa cha kuchagua: ulipaswa kujua amri na kuiandika. Wazo la kumwonyesha mtu orodha na kumwacha achague kwa kuelekeza lilikomaa katika miaka ya 1970 kwenye maabara ya Xerox huko California, likaingia sokoni na mashine ya Xerox Star mwaka 1981, kisha na Lisa ya Apple mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984. Orodha ilijificha chini ya neno moja juu ya kioo. Ukilibofya, ilishuka kama pazia.

Tatizo likaja programu zilipokua. Orodha ikawa ndefu kuliko kioo. Suluhisho likawa kuficha orodha ndani ya orodha: neno lenye kialama kidogo cha mshale pembeni, na nyuma ya mshale huo kuna orodha nyingine. Macintosh ilipata menyu za namna hiyo mwaka 1987.

Hapo ndipo swali la kweli lilipozaliwa, na linaonekana dogo mpaka uliangalie kwa karibu. Menyu ndogo inachomoza pembeni. Mtu anataka kwenda kwenye mstari wake wa nne, kwa hiyo mkono wake hauendi moja kwa moja kulia. Unakata kona, unakwenda mshazari. Katika safari hiyo mshale unapita juu ya mistari mingine ya menyu kubwa. Je, kompyuta iamini mkono au iamini mahali mshale ulipo? Ikiamini mahali, itafunga menyu ndogo na kufungua ile ya mstari uliopitiwa kwa bahati mbaya.

Apple walijibu kwa jiometria. Bruce Tognazzini, aliyekuwa mbunifu wao, ameeleza jinsi walivyochora pembetatu isiyoonekana kati ya mshale na menyu ndogo: maadamu mkono unasafiri ndani ya pembetatu hiyo, menyu haijifungi. Mashine ilijaribu kusoma nia.

Microsoft walijibu kwa subira. Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, iliileta menyu ya Start, ambamo menyu ndogo zilijifungua bila kubofya. Ulitosha kusimamisha mshale juu ya neno. Lakini hazikufunguka papo hapo. Zilisubiri milisekunde 400, yaani sehemu nne za kumi za sekunde, na mshale ukipotea njia kwa muda mfupi kuliko huo, hakuna kilichobadilika. Namba hiyo iliandikwa ndani kabisa ya mfumo, kwenye sajili, kwa jina la MenuShowDelay, na yeyote aliyejua pa kuitafuta aliweza kuipunguza hadi sifuri.

Wahenga wetu walikuwa na kipimo chao cha muda wa namna hiyo: kufumba na kufumbua. Milisekunde 400 ni karibu na muda huohuo, jicho kufumba na kufumbuka mara moja. Vijana wengi wa steshenari na vibanda vya intaneti kutoka Shinyanga mjini hadi Chato walijifunza kubadili namba ile. Ilikuwa moja ya mbinu za kwanza tulizofundishana, na tuliamini tumeifanya kompyuta iwe na kasi zaidi. Hatukuwa tumeongeza kasi yoyote. Tulikuwa tumeondoa subira, na kwa wenye vipanya vya vumbi, kama sisi, menyu zikaanza kuruka kama panzi.

*

Kwa nini tulikuwa tunajifunza mambo ya 1995 mwaka 2010? Jibu la haraka ni umaskini. Jibu la kihistoria ni refu kidogo.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Ilikuwa mashine aina ya ICT 1500. Kwa wakati wake hatukuwa nyuma sana. Lakini mpango wa kuhamishia mahesabu ya serikali kwenye mashine ulikwama. Fedha zikapotea, wataalamu walikuwa wageni, na walipoondoka waliondoka na ujuzi wao. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu.

Kizazi chetu hupenda kuicheka marufuku hiyo. Nami niliicheka nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini jiweke mahali pa mtu wa Hazina: una mashine inayokula fedha za kigeni, huwezi kuifungua ndani kuona inafanya nini, na namba inazotoa hazilingani na vitabu. Kuifunga nje lilikuwa kosa, ila halikuwa kosa la mjinga. Lilikuwa la mtu aliyeumwa na nyoka.

Masharti yalilegea polepole miaka ya 1980, na mlango ukafunguka zaidi miaka ya 1990 pamoja na milango mingine. Televisheni ya kwanza ya Tanzania Bara ilirusha matangazo mwaka 1994. Windows 95 ilipotoka, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inazoea kioo.

Miaka hiyohiyo ndiyo ukanda wetu ulipobadilika. Geita ilikuwa na mgodi tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Shinyanga ilikuwa na almasi ya Mwadui, aliyoigundua mjiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka 1940. Lakini dhahabu ya miaka ya 1990 ilikuja kwa kishindo cha aina nyingine. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kupisha kampuni, na maduara yao yakafukiwa kwa mitambo. Madai kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai yalitolewa. Serikali na kampuni wakayakana. Mabishano hayo yamezunguka dunia kwa miaka mingi. Sheria mpya ya madini ikapitishwa mwaka 1998. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001.

Migodi hiyo ilikuja na kompyuta. Ndani ya uzio, ramani za miamba, mishahara na stoo vilikaa kwenye vioo vyenye menyu za kisasa. Nje ya uzio tulipata kompyuta zilizochoka, zile ambazo ofisi za Dar es Salaam na Ulaya zilikwishamaliza kuzitumia. Kwa hiyo ukanda mmoja wa dhahabu uliishi katika miaka miwili tofauti kwa wakati mmoja, na mpaka kati yake ulikuwa ni seng'enge.

*

Nirudi kwenye uvivu wangu, maana ndio uliozaa haya yote.

Kuifundisha kompyuta ijibofye yenyewe si wazo geni. Windows 3.1, iliyotangulia Windows 95, ilikuja na kijiprogramu kilichoitwa Recorder: ulikiwasha, ukafanya kazi yako mara moja, kikakariri kila ulichobonyeza, kisha kikarudia kama kasuku. Windows 95 ilikiondoa. Pengo hilo lilijazwa na watu wa pembeni. Mwaka 1999 Jonathan Bennett alitoa AutoIt, ambayo ilianza kama njia ya kufunga programu kwenye kompyuta nyingi bila mtu kukaa mbele ya kila moja. Mwaka 2003 Chris Mallett, aliyetaka AutoIt iwe na vitufe vya mkato, akatoa yake mwenyewe, AutoHotkey, ya bure. Hiyo ndiyo iliyonifikia Katoro, kwenye flashi ya rafiki, ikiwa na ukurasa wa maelekezo na virusi viwili.

Kuna njia tatu za kuifanya skripti ifungue menyu ndogo, na kila moja ina falsafa yake.

Ya kwanza ni kuiga mkono. Skripti inasogeza mshale hadi mahali fulani pa kioo, inasubiri, inabofya. Ndiyo rahisi kueleweka na ndiyo mbovu kuliko zote: dirisha likisogea kidogo tu, skripti inabofya hewa.

Ya pili ni kuiga vidole. Tangu IBM ilipochapisha kanuni zake za muonekano wa programu mwaka 1987, programu nyingi zimekuwa na herufi moja iliyopigiwa mstari katika kila neno la menyu. Unabonyeza Alt na herufi hiyo, menyu inashuka. Unabonyeza herufi ya neno la ndani, menyu ndogo inafunguka. Skripti inatuma herufi hizo kwa mpangilio, na kipanya kinapumzika.

Ya tatu ilinishangaza. Ndani ya Windows, kila neno la menyu ya kawaida lina namba yake ya siri. Unapobofya neno, kompyuta inachofanya ni kutuma ujumbe mmoja kwa programu: "namba fulani imechaguliwa." AutoHotkey ilikuwa na amri ya kuiomba Windows itafute njia yote, menyu hadi menyu ndogo, na kutuma ujumbe huo moja kwa moja. Menyu hazichomozi kabisa kwenye kioo. Njia bora ya kuzifungua zote ilikuwa kutofungua hata moja. Amri hiyo ilikubali kutajiwa menyu kwa majina, au kwa nafasi: ya kwanza, ya tatu, ya pili.

Niliitumia njia ya tatu, kwa majina. Programu ya yule kijana wa Mwanza ilikuwa na menyu za Kiingereza, nami nikaziandika kama zilivyo. Nilibonyeza kitufe kimoja, F8, na ukurasa wa mgao ukafunguka kwenye kioo. Wateja waliokuwa wamesimama nyuma yangu walinyamaza. Kwa wiki mbili nilijiona fundi.

Kisha kijana wa Mwanza akatuletea toleo jipya. Lilikuwa la Kiswahili.

*

Menyu za Kiswahili zina historia yake, na ni historia ya kujivunia. Mwishoni mwa 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya kuandikia na kufanyia mahesabu, yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata na Windows ya Kiswahili. Wataalamu walikaa na kubishana kama kompyuta iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na neno gani lisimame juu ya kila kitufe. Mtu anaweza kuwacheka, lakini walikuwa wanafanya kazi ile ambayo Hazina ya 1974 ilikuwa imekosa mtu wa kuifanya: kuleta ndani ya mashine maneno ambayo mtu wa hapa angeweza kuyahoji.

Ila skripti yangu ilikuwa inatafuta "File", na "File" haikuwepo tena. Kulikuwa na "Faili". Haikuona kitu, ikakaa kimya.

Ningeweza kubadili majina nikaendelea. Lakini amri ile ilikuwa inahitaji menyu za kawaida za Windows, na katika toleo jipya kijana alikuwa amezichora mwenyewe, zenye rangi, akidhani anatupendezesha. Kwa menyu za kuchorwa, njia ya tatu ni kipofu. Nikarudi kwenye ya pili, ya herufi, na hapo ndipo nilipokutana na sarufi.

Kwa Kiingereza, maneno makuu ya menyu ya kwanza yana herufi tofauti za mwanzo: F ya faili, O ya kufungua, C ya kufunga, S ya kuhifadhi. Kwa Kiswahili ni Faili, Fungua, Funga. Zote F. Lugha yetu haioni kufungua kama tendo jipya. Inalitazama kama kufunga kulikotanguliwa na kugeuzwa. Unaingiza "u" moja, na kitenzi kinarudi kilikotoka: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, fumba na fumbua. Mtu aliyekulia kwenye maduara anajua jozi nyingine: fukia na fukua. Sokoni hakuna anayechanganya maneno hayo, kwa sababu sikio linaisikia "u". Kompyuta ilisikia herufi ya kwanza tu.

Herufi ikiwa moja kwa maneno mawili, menyu haitekelezi chochote. Inagusa neno la kwanza, na ukibonyeza tena inahamia la pili, mpaka ubonyeze kitufe cha kuingiza. Kwa hiyo niliandika: F mara moja kisha ingiza, kufungua; F mara mbili kisha ingiza, kufunga; H, kuhifadhi. Na mwisho kabisa, baada ya kufunga, nikaongeza H moja ya ziada. Ya usalama. Nilijiambia kwamba ikiwa kuna kitu kimebaki bila kuhifadhiwa, H hii itakiokoa.

Ilifanya kazi siku nne.

*

Siku ya tano kompyuta ilikuwa nzito. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, tulikuwa kwenye jenereta, na mashine ilikuwa inajikagua virusi. Menyu zilichelewa kushuka, kidogo tu, pengine nusu sekunde. Skripti yangu haikuwa na macho ya kuona kwamba zimechelewa. Ilituma H ya kuhifadhi kabla menyu haijashuka, na H ile ikapotea hewani. Kisha ikatuma amri ya kufunga, nayo ikafika. Programu, kama inavyopaswa, ikauliza: je, uhifadhi mabadiliko? Vitufe viwili: Ndiyo na Hapana.

Na hapo ndipo H yangu ya usalama ilipofika. Ikachagua Hapana.

Haikutokea kwa kila mgao, ndiyo maana sikuona. Ilitokea pale tu mashine ilipokwama. Jioni mwenye duara mmoja alikuja kuchukua karatasi yake. Nikachapa. Ilisomeka viroba 31. Wale vijana waliokuwa wamekuja naye, wakiwa bado na udongo kwenye nyusi, wakasema wametoa 48.

Mwenye duara aliitazama karatasi kwa muda. "Kompyuta haidanganyi," alisema, akaikunja na kuitia mfukoni.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Nitasema tu kwamba nilijua, mara moja na kwa tumbo, kwamba namba ile ilikuwa ya uongo, na kwamba sikuwa na njia ya kuthibitisha. Viroba 17 vilikuwa vimepotea mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuvifukua. Na walioelekea kupotelewa hawakuwa wenye mashine wala mwenye duara.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Tulimjua: zamani alikuwa karani wa ushirika wa pamba Shinyanga, kabla vyama vya ushirika havijavunjwa mwaka 1976, na uzeeni alikuwa akiwaandikia vijana wa maduara hesabu zao kwa malipo ya chakula. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami nikamwitikia, kisha nikampa shikamoo ya Kiswahili kama nyongeza. Nilizoea kumtania kuhusu kaunta buku lake lililofungwa kwa kamba ya viatu.

Aliingia ndani, akaliweka kaunta buku mezani, juu ya kibodi. Kila kiroba kilikuwa na mstari wake, na kila mstari wa tano ulikuwa umekatwa kwa mshazari. Pembeni kulikuwa na saa, na alama ya dole gumba ya kijana aliyekitoa. Viroba 48.

Mwenye duara alilipa kwa 48. Alinung'unika, lakini alilipa. Dole gumba lina uzito wake.

Walipoondoka, mzee alikaa. Sikujua niseme nini, nikasema pole.

"Mwanangu," alisema, "kile kitu chako ukikiuliza, kinajibu?"

Nikamwambia hakijibu, kinatenda tu.

"Basi hicho ni mwanafunzi wa kukariri. Karani ni yule ukimuuliza jana uliandika nini, anakuonyesha."

Alinisimulia kwamba walipokuwa vijana pale ushirika walisikia habari za mashine ya Hazina na kuiogopa, si kwa sababu ingewanyang'anya kazi, maana pamba ilikuwa nyingi, bali kwa sababu hawakuelewa mkulima akibisha uzito wa pamba yake angeonyeshwa nini. Sikuwa na jibu la swali hilo. Leo ninalo nusu.

Usiku ule niliandika skripti upya. Sasa ilisubiri hadi ione menyu imeshuka kabla ya kutuma herufi. Iliondoa H ya usalama. Baada ya kuhifadhi ilisoma tena namba iliyohifadhiwa na kuilinganisha, na kila kiroba kiliandikwa pia kwenye faili ya maandishi tu, mstari kwa mstari, pamoja na saa. Ilikuwa polepole kuliko mwanzo. Ilifanana sana na kaunta buku.

*

Tangu wakati huo nimefanya kazi na kompyuta za kila namna, na nimeona AutoHotkey ikibadilika hadi toleo la pili, lililotoka Desemba 2022. Lakini skripti bora ya menyu ndogo niliyowahi kuiona haikuandikwa na mtu wa kompyuta.

Shangazi yangu huosha marudio mwaloni, mchanga ambao wengine wameshautoa dhahabu na kuutupa. Hasomi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na baada ya miaka michache naye alikuwa na simu ya tochi. Menyu ya simu ya pesa ni ileile ya Xerox, isiyo na picha: unapiga *150*00#, orodha inakuja, unachagua namba, orodha nyingine inatokea ndani yake, na nyingine ndani ya hiyo. Shangazi haoni majina. Amekariri nafasi, kama wimbo wa kutwanga: kwanza hii, halafu ile, halafu namba ya mtu, halafu kiasi. Alibonyeza kwa kasi kuliko mimi ninayesoma. Ilikuwa ni njia yangu ya tatu, ile ya nafasi, akiwa ameibuni mwenyewe kando ya maji ya matope.

Siku moja mtandao aliokuwa akiutumia ulipanga upya menyu yake. Pengine mtu ofisini alisogeza neno moja juu ya jingine ili lipendeze. Wimbo wa shangazi ukampeleka mlango usio wake. Hakupoteza pesa, kwa sababu kabla ya kuweka namba ya siri huwa ana desturi moja: humwita mtoto yeyote aliye karibu, humwonyesha kioo, na kumwuliza, "Hapa panasemaje?"

Mtoto akamsomea. Shangazi akafunga simu, akaifungua, akaanza upya.